Choo cha sokoni na bajeti ya halmashauri

SWALI: Sisi ni kina mama wakaanga samaki, Bagamoyo. Ushuru tunalipa, choo na maji sokoni hakuna. Tufanyeje?

JIBU: Poleni, dada zetu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini madiwani hupitisha makadirio ya bajeti miezi kadhaa kabla. Ukidai Mei umechelewa. Pelekeni hoja mapema kwenye mkutano wa kitongoji chenu, hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari, kisha mfuateni diwani. Msiombe “kusaidiwa”. Tajeni matundu mangapi ya choo, bomba likae wapi, wanawake wangapi wanashinda hapo tangu alfajiri. Ombi lisilo na idadi wala gharama halipati kifungu cha fedha kwenye bajeti. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, ni haki nyingine kabisa. Msikubali kupewa hiyo badala ya choo.