Je, binti wa miaka 13 amechelewa kuanza selo?

Dada yangu wa Mikindani, umeuliza kama binti yako wa miaka 13 amechelewa kuanza selo (ala ya nyuzi inayofanana na fidla lakini kubwa zaidi, hupigwa kwa upinde), na kama kazi hiyo itamlisha. Hajachelewa. Pablo Casals, mpiga selo mashuhuri wa Catalonia, Hispania, aliyezaliwa mwaka 1876, aliianza akiwa na miaka 11, ingawa baba yake, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa amekwisha kumfundisha muziki (na baba huyohuyo ndiye aliyetaka mwanawe awe seremala, mama akakataa katakata). Kuhusu riziki, Casals alipokuwa mwanafunzi Barcelona alipiga mkahawani ili apate fedha, na hata alipopata umaarufu aliendelea kufundisha. Kwa hiyo mzoeshe binti mapema kuwaelekeza wenzake. Kwa kuwa mwalimu wa selo hapatikani kirahisi Mtwara, aanze na kwaya au fidla ili sikio lizoee, kisha mtafute mwalimu Zanzibar, ambako vikundi vya taarabu asilia hutumia selo. Mkinunua chombo, msikiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini, kwa sababu unyevu huvimbisha mbao na kulegeza gundi.