Nilikuwa na Sukari, Nikasema Hatuna

Mwaka jana mtoto wa jirani alibisha hodi kuomba sukari ya chai. Nilikuwa chumbani nafunga kamba za viatu. Nikamsikia mwanangu wa miaka tisa akimjibu palepale: "Hatuna." Kabatini kulikuwa na mifuko sita ya kilo moja moja, na yeye ndiye aliyenisaidia kuibeba kutoka dukani.

Kilichonitoa jasho si ule uongo. Watoto huongopa. Ni ile sauti. Ilikuwa yangu kabisa, na kabla haijawa yangu ilikuwa ya mama.

Nimezaliwa Tanga mwaka 1975, nikakulia Ngamiani. Wa rika langu hawahitaji kusimuliwa miaka ile. Vita vya Kagera viliisha 1979, tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane; miezi ikaisha, mikanda ikabaki palepale. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Ikisikika kwamba duka la kaya, lile la mgawo, limepata sukari, unaamka alfajiri unaweka jiwe kwenye foleni, na jiwe hilo ndilo wewe mpaka kukuche. Kwetu sukari ilikaa kwenye kopo, kopo kabatini, na ufunguo wa kabati mama aliufunga kwenye pindo la kanga. Akitaka kupika chai alilifungua lile fundo kwa meno.

Uhaba ulitufundisha kutunza. Kuficha tulijifunza usiku mmoja wa 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, yaani wanaoficha bidhaa ili wauze kwa bei ya juu. Baba alikuwa kibarua bandarini, na kuna mtu alikuwa amempatia katoni ya sabuni za mche. Hakuwa na duka wala genge. Zilikuwa za kufulia nyumbani. Lakini nani angeamini? Ikaja habari kwamba mtaa wa pili wanapekua. Mama akachukua kibatari, baba akabeba katoni, nami nikawafuata uani mpaka chooni. Mche mmoja mmoja ukaenda shimoni. Chubwi. Tunasikiliza kama kuna mtu njiani. Chubwi. Mche wa mwisho mama aliunusa kwanza, ndipo akautupa. Kisha akanishika kidevu: "Ukiulizwa na mtu yeyote, sema hatuna."

Hakuna aliyekuja kupekua. Asubuhi tukarudi kwenye majani ya mpapai.

Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba malezi ni yale tu tunayokusudia. Mama alikusudia nijue kuamkia wakubwa na kula kwa mkono wa kulia, na alifanikiwa. Lile la chooni hakulikusudia. Lilichukua dakika kumi, na ndilo lililonishika kuliko yote.

Mke wangu ni wa 1986, mtoto wa Dar, zama za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi aliyelegeza masharti ya biashara. Baba yake alikuwa na duka Kariakoo, na kwao kila usiku ilifunikwa sahani moja ya ziada kwa mgeni ambaye hata hajulikani kama atakuja. Basi fikiria sisi wawili jiko moja! Aliniita mchoyo, nikamwita mfujaji. Mwezi wa kwanza wa ndoa aliniomba nauli, nikasema sina. Jioni akafua suruali yangu akakuta elfu themanini mfukoni. Alidhani kuna mwanamke wa nje. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na sabuni za 1983, lakini nilikuwa sijamsimulia, kwa sababu mwenyewe sikuona kama kuna cha kusimulia. Tulikaa miaka mitano tukigombana hivyo.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujabishana na mwenzako kuhusu tabia yake, mwulize nyumba aliyotoka. Usimwulize "mlilelewaje?", maana atakujibu "vizuri tu", kila mtu hujibu hivyo. Uliza vitu vya kushikika. Chakula kiliwekwa wapi? Nani alishika hela? Baba akikasirika, nyinyi mlikwenda wapi? Mimi na mke wangu tulizungumza hayo usiku mmoja umeme umekatika, na nilipofika kwenye ule mche wa mwisho alilia kuliko mimi.

Wewe nawe jichunguze neno linalokutoka kabla hujafikiri. Langu ni "sina". Siku hizi likinitoka najilazimisha kuongeza "ngoja niangalie". Naonekana mjinga mbele ya watu, lakini linasaidia. Wala sijatupa yote ya mama: ada za watoto hazijawahi kunikuta mikono mitupu, na hilo ni zao la lile kopo. Nisichokubali ni mtu mzima kumuumiza mwenzake halafu akajikinga na "ndivyo nilivyolelewa". Kujua chanzo si kibali.

Siku ile ya sukari sikumchapa mwanangu. Nilimpa mfuko mzima, tukaenda wote kwa jirani, na njiani nikamsimulia habari ya babu, bibi na shimo la choo. Alicheka sana pale kwenye chubwi. Kisha akaniuliza: "Sasa baba, sisi nani anatupekua?" Nilikosa la kumjibu.

Desemba nilikwenda Tanga kumsalimia mama. Nikamwuliza kama ana sabuni, nipite dukani. "Hatuna mwanangu, tunabahatisha tu." Usiku nikainama kutafuta kandambili chini ya kitanda chake, nikakuta miche tisa imefungwa kwenye gazeti, imepangwa vizuri ukutani. Sikusema kitu. Asubuhi nilinunua mingine miwili, nikaifunga kwenye gazeti, nikaisukuma kulekule.