Maswali ya Wasomaji: Bunyip na Mifupa Iliyotoka Topeni

Ndugu Mhariri,
Sisi tuliolelewa pwani tulikatazwa kuoga majini jioni kwa kumhofia chunusi, ambaye huwavuta watu chini wasionekane tena. Hivi karibuni nimesoma kwamba wenyeji wa asili wa Australia nao wana kiumbe wa majini aitwaye bunyip, na kwamba wapo wataalamu wanaosema kuwa huyo ni kumbukumbu ya mnyama mkubwa aliyekwisha kutoweka. Je, dai hilo lina uzito gani?
Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji,
Neno bunyip limetoka katika lugha za wenyeji wa kusini mashariki mwa Australia, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Victoria. Kiumbe huyo husemekana kukaa katika mabwawa, vinamasi na vile vidimbwi ambavyo mto huviacha nyuma unapobadili njia. Wangarrindjeri, wanaoishi sehemu za mwisho za mto Murray, wana kiumbe wao aitwaye mulyawonk, ambaye humkamata mtoto anayesogea mno ukingoni na mvuvi anayechukua samaki kupita haki yake. Simulizi basi ni nyingi, na kila moja ina wenyewe.

Mnyama anayetajwa zaidi katika dai hilo ni Diprotodon, aliyepewa jina na mtaalamu Mwingereza Richard Owen mwaka 1838, kutokana na mifupa iliyopatikana katika mapango ya Wellington, New South Wales. Ndiye mkubwa kuliko marsupialia wote wanaojulikana, yaani wale wanyama ambao, kama kangaruu, huzaa watoto wadogo mno na kuwakuza ndani ya mfuko wa tumboni. Mchukue kiboko aliyekomaa, mwinue kwa miguu mirefu zaidi hadi bega lifike karibu meta 1.8, mvishe manyoya, na hutakuwa mbali naye. Uzito wake ulizidi tani 2. Jamaa zake wa karibu walio hai ni wombati na koala.

Hoja ya wanaomhusisha na bunyip si ya kupuuzwa. Diprotodon alitoweka yapata miaka 40,000 iliyopita, ilhali watu walikuwa wameshafika Australia angalau miaka 50,000 iliyopita, kwa hiyo kwa maelfu ya miaka binadamu na mnyama huyu waliishi katika bara moja. Mwaka 1871 George Bennett, mtaalamu wa wanyama wa Sydney, alikwisha kupendekeza uhusiano huo. Tena kumbukumbu za wenyeji hao ni ndefu kweli: watafiti Patrick Nunn na Nicholas Reid wamekusanya kutoka sehemu 21 za pwani ya Australia simulizi za bahari kumeza nchi kavu, tukio lililotokea zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Mimi huziheshimu sana simulizi hizo, na huniudhi kuona zikiitwa hekaya za watoto. Hata hivyo, kutoka miaka 7,000 hadi 40,000 ni hatua kubwa, na haifai kuirukia kwa sababu tu inapendeza.

Hebu tutazame jambo lililotokea katika mji wa Geelong, Victoria, mwaka 1845. Gazeti la mji huo liliripoti kwamba kipande cha mfupa wa goti la mnyama mkubwa kilionyeshwa kwa mwenyeji mmoja, naye bila kusita akasema ni mfupa wa bunyip. Wenzake walipoulizwa mmoja mmoja walijibu vivyo hivyo. Ukisimama hapo, utaona kwamba dai limethibitika. Lakini endelea kusoma maelezo waliyotoa: kiumbe mwenye kichwa kama cha emu, yule ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni, na mdomo mrefu, anayechanganya umbo la ndege na la mamba, anayetaga mayai, na anayetembea wima kwa miguu ya nyuma akiwa nchi kavu. Marsupialia hatagi mayai, wala Diprotodon, mla majani wa miguu minne, hakuwa na mdomo wa ndege. Kwa maoni yangu, watu wale hawakuwa wakimkumbuka mnyama wa kale. Walikuwa na kiumbe wao tayari, na mfupa ulipoletwa wakaupa mwenyewe.

Kwa nini basi mwenyewe awe wa majini? Jibu, nadhani, limo katika mahali mifupa hiyo inapopatikana. Katika ziwa kavu la Callabonna, Australia Kusini, wachimbaji wa mwaka 1893 walikuta mabaki ya Diprotodon wengi waliokuwa wamenasa katika tope la ziwa lenyewe. Kwingineko mifupa hufichuliwa na mito inayokula kingo zake. Mtu anayekwenda kuteka maji na kuona mfupa mnene kama gogo umechomoza kwenye matope ana sababu nzuri ya kuamini kwamba aliyekuwa nao hukaa humo. Ikiwa marsupialia hao wamechangia simulizi za bunyip, naona wamechangia kwa njia hii: kwa mifupa yao, si kwa kuonekana wakiwa hai.

Msomaji mwingine, wa Mombasa, anauliza kama bunyip hakuwa sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya na miguu kama mapezi, aliyepotea njia.

Kwa baadhi ya taarifa za walowezi wa karne ya 19, hilo ndilo jibu ninaloliona lina nguvu zaidi. Walieleza kichwa kama cha mbwa na manyoya meusi yanayong'aa kwa maji, na ni kweli kwamba sili huingia mto Murray na kupanda mbali: mwaka 1850 mmoja aliuawa karibu na Conargo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Mchungaji wa kondoo ambaye hajawahi kuona bahari angemwitaje? Na ile ngurumo ya usiku iliyowatia watu hofu kandokando ya vinamasi ina mwenyewe pia, ndege wa jamii ya yangeyange ajifichaye matetenini, ambaye dume lake hutoa sauti nzito inayosikika mbali, na ambaye hadi leo Waaustralia humwita ndege wa bunyip.