Programu ya zamani inakataliwa na CMake mpya

Pole, ndugu. Umesasisha kompyuta, na programu iliyokuwa ikijengeka vizuri sasa inakwama kwenye "cmake_minimum_required", mstari unaotaja toleo la CMake (zana ya kuandaa ujenzi wa programu) ambalo mradi unahitaji. Msimbo wako haujaharibika. CMake 4.0, iliyotoka 2025, haipokei tena miradi inayodai toleo la chini ya 3.5, na wako unadai 2.8. Futa kwanza folda ya kujengea, maana kashe hubaki na mipangilio ya zamani, kisha endesha upya amri ya cmake ukiongeza -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5. Hii imeniokoa mara nyingi.

Ikipita hapo, GCC 14 (kompaila, yaani zana inayogeuza msimbo kuwa programu) huenda ikagomea funksheni za C zisizotangazwa. Ongeza #include inayokosekana, usilifiche kosa. Ikishindikana, jengea ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mfumo mkuu) yenye zana za enzi zake. Tafadhali usishushe kompaila ya mfumo mzima, utavuruga programu nyingine. Kama programu hiyo inashika data za wateja, mtaalamu aikague kwanza.