Antena ya Kioo Haijafa, Imenyimwa Umeme

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nimenunua gari lililokwisha kutumika, la milango minne na buti. Redio yake ya zamani niliitoa, nikafungiwa nyingine ya skrini ya kugusa. Bluetooth inashika, flashi inasoma, muziki unapiga safi. Tatizo ni FM. Inasikika stesheni moja tu, ile yenye mnara karibu na kwangu. Nyingine zote ni mikwaruzo, na nikipita chini ya daraja hata hiyo moja inapotea. Aliyenifungia redio anasema gari halina antena, na kweli sioni fimbo popote, si kwenye paa wala ubavuni. Anataka kutoboa paa aweke mpya. Shemeji yangu anadai antena imo kwenye kioo cha nyuma. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilize shemeji, na drili irudi sandukuni.

Simama nyuma ya gari lako wakati jua liko upande, uinamishe kichwa ukiangalie kioo kwa mshazari. Utaona mistari ya kahawia imepita toka kulia hadi kushoto, imeachana kwa nafasi sawa, na kila mmoja umeishia kwenye utepe mpana pembeni. Hiyo ni ya kupasha kioo joto ili ukungu utoke. Sasa pandisha macho. Kati ya mstari wa juu kabisa na paa mara nyingi ipo mingine, myembamba na michache, isiyofuata mpangilio ule: mmoja umekatikia njiani, mwingine umepinda kona na kushuka kidogo. Ifuate hadi mwisho wake. Utakuta kijipande cha bati kilichoshikizwa na risasi ya kulehemu juu ya kioo, na waya umetoka hapo ukazama chini ya plastiki ya nguzo ya nyuma. Hiyo ndiyo antena yako.

Si kila gari limefanywa hivyo. Yapo yanayotumia mistari ile ile ya joto kunasa mawimbi, yapo yaliyoiweka kwenye kioo kidogo cha ubavuni nyuma ya mlango, na katika baadhi ya magari ya zamani ni waya mwembamba kama unywele, umelala katikati ya tabaka mbili za kioo cha mbele. Kwa hiyo kutokuona fimbo hakuthibitishi kwamba antena haipo. Kunathibitisha tu kwamba fimbo haipo.

Sasa kwa nini haisikii? Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na fimbo nzuri ya kulinasa ni robo ya hapo, yaani sentimita 75. Ndiyo maana fimbo za zamani zilikuwa na kimo kile. Mistari ya kioo haikujaliwa hivyo. Imelala, imezungukwa na mabati ya bodi, na inachonasa ni kidogo. Watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo, ndipo wakafunga kikuza mawimbi, wenyewe tunakiita busta, karibu kabisa na kioo, ndani ya nguzo au chini ya plastiki ya mlango wa nyuma. Lazima kiwe huko nyuma, kwa sababu mawimbi yanatakiwa kukuzwa kabla ya kusafiri mita kadhaa za kebo hadi dashibodi. Ukiyakuza mwisho wa safari, unakuza na takataka zote yaliyookota njiani.

Busta hiyo inataka umeme wa volti 12. Kidogo sana, lakini inautaka. Isipoupata haikai tu pembeni na kuyaacha mawimbi yapite yalivyo, bali inayazuia, na antena nzima ya kioo inageuka kuwa mbaya kuliko kipande cha waya. Redio yako ya zamani ilikuwa ikiupeleka umeme huo kimyakimya kila ulipoiwasha. Hii mpya ina uwezo huo huo, ila kuna waya mmoja haukuunganishwa. Mimi nikifungua dashibodi ya gari lenye malalamiko kama yako, naukuta umekunjwa vizuri, umefungwa tepu nyeusi, unasubiri.

Ni waya wa bluu. Kwenye redio nyingi za kununua zipo bluu mbili: bluu tupu, ambayo ni ya antena, na bluu yenye mstari mweupe, ambayo ni ya kuamsha amplifaya ya muziki. Nyingine zina moja tu, imeandikwa ANT kwenye karatasi ndogo iliyozungushiwa. Usiamini rangi peke yake. Chukua mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bati la bodi lisilo na rangi, nyekundu kwenye waya. Washa redio, chagua FM: isome 12 au zaidi kidogo. Zima redio: irudi sifuri. Waya ukifanya hivyo ndio wenyewe.

Kabla ya kuunganisha chochote, fanya jaribio moja la kukata mzizi wa fitina kati ya fundi na shemeji. Egesha mahali peupe, weka stesheni inayokwaruza, kisha chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Kama hakuna kinachobadilika, basi hapakuwa na kitu kilichokuwa kikiingia kutoka kwenye kioo. Halafu chukua kipande cha waya cha sentimita 75, menya ncha, ichomeke kwenye tundu la katikati la soketi ya antena bila kugusa ukingo wake wa nje, na ule mwisho mwingine uunyanyue karibu na kioo cha mbele. Stesheni zikijaa, redio ni nzima na ugonjwa uko nyuma. Zisipojaa hata hapo, redio yenyewe ni kiziwi. Rudi kwa aliyekuuzia.

Kuunganisha sasa. Hapa magari yamegawanyika mara mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima.

Kundi la kwanza busta ina waya wake wa umeme, umekuja hadi kwenye soketi ya redio ya zamani pamoja na waya za spika. Mchoro wa waya wa gari lako utakuonyesha ni tundu lipi. Unga bluu ya redio hapo, umemaliza.

Kundi la pili, na magari mengi ya Ulaya yamo humu, umeme unapanda kwenye kebo ile ile ya antena: mawimbi yanashuka, umeme unapanda. Utalitambua kwa plagi yake, ya plastiki, ya pembe nne, yenye kichupa cha mviringo ndani. Inaitwa Fakra. Redio mpya inataka plagi ndefu ya duara, kwa hiyo aliyekufungia alinunua kiunganishi cha kubadilisha umbo. Viunganishi hivyo vipo vya aina mbili na mezani vinafanana. Kimoja kinabadilisha umbo tu. Kingine kimetokwa na mkia wa waya, aghalabu wa bluu, na ndani yake mna koili inayopitisha umeme kwenda kwenye kioo pamoja na kapasita inayouzuia usiingie kwenye redio. Wewe unataka chenye mkia, na mkia huo uunge kwenye bluu ya redio. Usije ukajaribu kuchomeka volti 12 kwenye kebo kwa mkono wako eti ni njia ya mkato. Bila kile kizuizi umeme unaweza kuingia kwenye kipokezi cha redio, na hapo utakuwa umeliua lililokuwa zima.

Ukikuta plagi mbili za Fakra badala ya moja, gari lako lina antena mbili na redio ya kiwandani ilikuwa ikichagua yenye mawimbi bora kila wakati. Redio ya kununua kwa kawaida ina tundu moja. Kipo kiunganishi cha kuzikusanya mbili kuwa moja, lakini mimi naanza kwa kujaribu kila plagi peke yake yenye umeme, nione ipi inashika zaidi, na mara nyingi naishia hapo.

Kosa moja nakuomba usilifanye: kuunga busta kwenye waya wa betri usiozimika, kwa kuwa uko karibu na unafikika kirahisi. Itakuwa inakunywa betri usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa.

Umeme ukifika na bado kunakwaruza, sogea nyuma. Chomoa kwanza betri usubiri dakika chache, maana kwenye nguzo na kingo za paa za magari mengi mmelala mifuko ya hewa ya kujikinga na ajali, nayo haipendi kuchezewa. Fungua plastiki ya nguzo taratibu. Tazama bolti inayoishika busta kwenye bodi: hiyo ndiyo ethi yake, na ikiwa na kutu au rangi chini yake, busta haina pa kurudishia umeme. Kwangua hadi bati ling'ae, ukaze tena. Tazama na ule waya unaotoka kwenye kioo, kama plagi yake imekaa. Kama gari lingekuwa la mlango mmoja mkubwa wa nyuma ningekutuma moja kwa moja kwenye bomba la mpira kati ya mlango na paa, kwa sababu waya za humo zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa, na hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje.

Kuhusu zile antena za kubandika juu ya paa zenye umbo la pezi la papa: nyingi nilizofungua ndani mna kijiwaya kifupi tu. Kama unaipenda kwa sura, bandika. Lakini kioo chako chenye busta iliyoshiba umeme kitaishinda.

SWALI: Mama Fundi, gari langu limetoka Japani na redio yake ya asili inaishia 90. Nimewekewa kifaa cha kushusha masafa. Stesheni za katikati nazipata, lakini ile ninayoipenda iko 104.5 na haionekani kabisa. Ni antena?

JIBU: Si antena, ni hesabu. Redio yako ilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, yaliyokuwa yakianzia megahezi 76 hadi 90, wakati sehemu kubwa ya dunia inatumia 87.5 hadi 108. Kifaa chako kinachukua kila stesheni na kuishusha kwa kiasi kile kile. Soma kilichoandikwa juu yake. Kama kinashusha 12, basi redio inayofika 90 inasikia hadi 102 halisi, na 104.5 yako inaangukia 92.5, nje ya redio. Ukitafuta cha kushusha 16, itaangukia 88.5 na utaipata, ila mwisho wa chini utapoteza zote zilizo chini ya 92. Redio ile haiwezi kukupa zote kwa mara moja. Mimi ningebadilisha redio, nikakitoa na hicho kifaa njiani, kwani nacho kinataka umeme na kinaongeza mikwaruzo.

SWALI: Nilitoa tinti ya kioo cha nyuma kwa wembe, nikabandika nyingine nyeusi inayong'aa kama fedha. Redio haishiki tena.

JIBU: Umeipiga mara mbili. Kwanza wembe. Mistari ile ni wino wenye fedha uliochomewa juu ya kioo upande wa ndani, na wembe ukipita unaikata. Tinti hutolewa kwa mvuke na kuvutwa polepole. Pili, tinti yenye chembe za chuma huyakinga mawimbi. Itoe, uweke ya kaboni au ya seramiki.

Mstari uliokatika unaungika. Mita ya umeme iweke kwenye kipimo kinachotoa mlio umeme unapopita, ncha zake zizungushie karatasi ya aluminiamu zisije zikakwangua zaidi, usogeze ncha moja kwenye mstari hadi mlio ukatike. Hapo ndipo penye jeraha. Kwa mistari ya joto iliyowashwa unaweza kutumia volti: zinashuka pole pole toka 12 kwenda sifuri, na panapokatika zinaruka ghafla. Safisha kwa spiriti, bandika tepu juu na chini ya mstari ukiacha upana wake tu, upake rangi maalumu yenye fedha ipitishayo umeme, ivuke jeraha kidogo kila upande. Toa tepu kabla haijakauka kabisa, na usiwashe joto la kioo hadi muda ulioandikwa kwenye kichupa uishe. Kile kijipande cha bati kikiwa kimeng'oka, usikimbilie chuma cha kulehemu, kioo kinaweza kupasuka kwa joto la mahali pamoja. Tumia gundi yenye fedha.

SWALI: Redio yangu inashika vizuri hadi nichomeke chaja ya simu na kamera ya kioo cha mbele. Hapo inaanza kukoroma.

JIBU: Chaja hizo hukata na kuunga umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na za hovyo humwaga kelele hadi kwenye FM. Chomoa moja moja ujue mwenye makosa ni nani. Kwangu mara nyingi huwa ni chaja ya kamera, si kamera yenyewe. Badilisha chaja, na waya wa kamera usiupitishe sambamba na kebo ya antena wala karibu na mistari ya kioo. Ikibaki kidogo, bana kipande cheusi cha ferati, kile cha kumeza kelele za umeme, kwenye waya huo, karibu na chaja iwezekanavyo.