Zaidi ya kuuza kinywaji

Ndugu uliyeuliza kama viwanda vidogo vya bia huisaidia jamii kwa lolote zaidi ya kuiuzia kinywaji, mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Chico, California. Novemba 2018, moto wa msituni uliopewa jina la Camp Fire uliuteketeza mji jirani wa Paradise, ukaua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000. Kiwanda cha Sierra Nevada, ambacho Ken Grossman alianza kupikia bia hapo Chico mwaka 1980 kikiwa kidogo sana, kilikuwa na wafanyakazi waliopoteza nyumba zao. Kiliamua kutengeneza bia maalumu iitwayo Resilience na kuyatoa mapato yote ya mauzo yake kwa waathirika. Grossman akawaandikia watengenezaji wenzake kote Marekani, akawapa maelekezo ya kuipika na kuwaomba wajiunge. Viwanda zaidi ya 1,000 viliitikia, na wauzaji wa kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake) wakachangia malighafi.

Kwangu mimi, uzito wa jambo hili haumo katika fedha peke yake, bali katika washindani wa kibiashara kukubali kupika bia ya aina moja, na kila mmoja kuwaeleza wateja wa mtaa wake kwa nini anaiuza. Hata siku zisizo na maafa msaada upo, kwani viwanda vingi vya namna hii huwapa wafugaji wa jirani machicha ya shayiri yanayobaki baada ya kupika bia, nao hulishia ng'ombe wao.