Video za hina si karanga za kugawiana barazani

Msomaji mmoja wa Langoni, hapa Lamu, ameniletea swali, na najua si lake peke yake. Ana video 43 za hina kwenye simu, amezikusanya kutoka YouTube, TikTok na makundi ya WhatsApp. Wasichana wanaojifunza wanamwomba kila siku. Anauliza: "Nikiwawekea kwenye flashi niwauzie shilingi 100 kila mmoja, kuna ubaya?"

Upo. Na hata ukiwapa bure upo pia, ila ni wa aina nyingine.

Tuanze na kilicho cha mtu na kisicho cha mtu. Namna ya kukunja koni ya kuchorea hina haina mwenyewe. Ua la mwembe, mizabibu inayopanda kidoleni, vidole vilivyopakwa hina tupu mpaka kwenye kucha, hivyo vyote ni vyetu na vya bibi zetu, chora utakavyo. Chenye mwenyewe ni ile video: picha, sauti, maelezo na mpangilio wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda tangu inaporekodiwa. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunasaidia mkigombana, lakini si sharti. Kwa hiyo ile "mbona hakuandika kwamba ni yake" haina kichwa wala miguu.

Sasa hesabu. Ili YouTube imlipe mtu mgao wa matangazo kwa video za kawaida, anahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video yake ikiwa ya dakika 12, itazamwe yote mara 20,000. Ukiipakua ukaitupa kwenye kundi la watu 250, wakaitazama wote mpaka mwisho, hizo ni saa 50 na hapati hata dakika moja. Kundi moja tu hilo. Halafu tunashangaa mbona fulani ameacha kufundisha.

Lakini fedha si jambo linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni kukata.

Video ya hina ikipita mikono mitatu, hubaki dakika mbili za mkono ukichora. Mwanzo umekatwa kwa sababu "anaongea sana". Basi sikilizeni kilichokuwa kwenye hayo maongezi. Gramu 100 za unga, uchekechwe kwa kitambaa chepesi mara mbili, maana punje moja ya jani ikiziba ncha ya koni, ukibinya koni inapasuka ubavuni na bi harusi anapata doa la kiganja kizima. Maji ya ndimu yaliyochujwa, kama robo lita, yatiwe kidogo kidogo mpaka rojo lidondoke kama uji mzito. Sukari gramu 30. Mafuta ya lavenda mililita 30. Funika, subiri rangi itoke.

Na hapo ndipo wa Lamu anapoanguka. Kipimo hicho cha sukari kinafaa mahali pakavu. Kwetu hewa ina unyevu. Sukari huuvuta, hina haikauki, maua yanachuruzika na mistari inashikana. Punguza hadi gramu 15, na siku za mvua hata chini ya hapo. Muda nao vilevile: anayeambiwa alaze rojo saa 24 huenda yuko penye baridi. Joto la kaskazi huitoa rangi mapema, kwa hiyo anza kupima baada ya saa 6. Weka tone kiganjani dakika 5, ufute. Likiacha rangi ya chungwa, jaza koni na zinazobaki zitie kwenye friza. Ukiiacha mezani mpaka kesho yake rangi inakufa. Mfundishaji mzuri huyasema haya, au huandika chini ya video alikorekodia na hali ya hewa ilivyokuwa. Faili ikisafiri, maandishi ya chini hayasafiri nayo.

Kuna kubaya zaidi. Hina ya asili haina rangi nyeusi. Huanza chungwa, baada ya siku moja au mbili inaiva kuwa kahawia. Nyeusi ya papo hapo ni piko, dawa ya nywele yenye kemikali ya PPD, na PPD juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge na kuacha kovu. Mtu aliyewahi kuunguzwa nayo mara moja, mara ya pili huwa mbaya zaidi. Yupo anayerekodi dakika nzima kuonya hivyo, na kuonya pia kwamba mtoto mchanga asipakwe hata hina safi, kwa kuwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kuharibikiwa damu. Kisha mtu anakuja na mkasi wake, anafuta onyo, anaacha maua. Msichana anajifunzia hapo, anampaka piko mtoto wa jirani siku ya Idi. Lawama inamwendea aliyerekodi, kwa kuwa vidole vinavyoonekana ni vyake.

Jambo la pili ni sitara. Dada zetu wengi hurekodi mikono tu, uso haumo, na sauti wameiachia kundi la wanawake peke yao. Hiyo ni amana. Ukiipeleka kundi la mtaa lenye wanaume, au ukaiweka kwenye stetasi, hata usipouza umeivunja. Chumba cha bi harusi kinachoonekana nyuma kimo kwenye amana hiyohiyo. Hapa sitaki kusikia "lakini ni nzuri, nilitaka wafaidike".

Na wale wa kuchukua picha za kazi ya mtu wa Dubai au India na kuziweka kama zenu ili mpate wateja: mteja atataka kilekile, usiku wa kupaka, mbele ya mashangazi zake. Haya shoga, chora.

Najua hoja ya bando. Dakika 12 kwa ubora wa picha wa 360p hula kama MB 40 hadi 60, si nyingi sana, na yatosha kwa koni na mchanganyiko. Kwa mistari myembamba panda 480p. Kaeni wanane mbele ya simu moja au runinga moja, mtazame kutoka kwenye ukurasa wa mwenyewe: bando ni la mmoja na hakuna nakala iliyozaliwa. Kiungo cha YouTube unaweza kukielekeza penye somo lenyewe. Kama kukunja koni kunaanza dakika ya 4 na sekunde 10, ongeza ?t=250 mwisho wa kiungo kifupi; kikiwa tayari kina alama ya ?, andika &t=250. Video ya TikTok usiikate pembeni ili jina la mwenyewe lipotee.

Ukilazimika kutuma faili, omba. Hivi inatosha: "Assalamu alaikum dada, nafundisha wasichana 8 hapa Lamu. Naomba ruhusa niwaoneshe video yako ya koni Jumamosi. Sitaikata, sitaiuza, jina lako nitalitaja." Akinyamaza, hajakubali. Akikubali, itume kama dokumenti, si kama video ya kawaida, maana WhatsApp huibana na ile pembe ya ncha ya koni haionekani tena.

Kwa hiyo dada wa Langoni, zile 43 zigeuze kuwa orodha ya viungo, kila kimoja na dakika yake na jina la mwenyewe, uwape bure. Za kundi la wanawake zibaki kundini. Ambazo humjui mwenyewe wake, futa. Shilingi 100 zako zidai kwa koni: unga umeuchekecha wewe, sukari umeipima wewe kwa hewa ya hapa.